Mpira Uliolala Nyumba kwa Nyumba

Watu wa Nyabiondo wakimkumbuka mtunza barabara wetu siku hizi wanamfanya mpole. Wanasema alipenda watoto, alipenda amani, sauti yake haikupanda. Mimi nilimwona karibu kila siku kwa miaka, kutoka kwenye cherehani yangu barazani kwa duka la baba, na nasema wazi kwamba hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na kelele, alikuwa na kinyongo, na mtoto aliyechelewa mazoezini aliona afadhali angekutana na nyoka njiani.

Kazi yake ilikuwa kantonye, yaani mtu aliyewekwa na serikali kutunza kipande cha barabara: kufyeka kando, kuzibua mitaro, kujaza mashimo baada ya mvua. Alikuwa na jembe, sepeto na toroli la chuma. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Papa Kantonye. Baada ya uhuru mshahara wake ulianza kukatika-katika, mwishowe ukaacha kuja kabisa, lakini barabara aliendelea kuitunza. Ukimuuliza kwa nini, alikasirika.

"Barabara haijue kama bamenilipa ao hapana," alisema. "Mvua iko inanyesha tu."

Na mpira je? Hakuna aliyemtuma. Watoto walikuwa wakicheza barabarani na mpira wa majani makavu ya migomba, wakibomoa kingo za mitaro yake. Aliwafukuza. Wakarudi. Aliwafukuza tena, akawavuta masikio, akaenda kushitaki kwa mama zao, na kesho yake wakarudi. Mwishowe akachoka, akawaambia kama wanataka kucheza waje na majembe wachimbe uwanja wao wenyewe, waiache barabara ya serikali. Timu ya watoto ya Nyabiondo ilizaliwa hivyo, kwa hasira. Wanaosema alikuwa na maono makubwa wanaongeza chumvi.

Anayejua milima ya Masisi anajua kwamba kupata mahali tambarare huko ni kazi. Jioni baada ya jioni walikata mteremko, yeye akisukuma udongo kwa toroli, watoto wakipiga jembe na kulia kwa malengelenge. Uwanja ulipokwisha bado uliinama upande wa mto. Timu iliyocheza ikitazama juu ilijua imeonewa, na mpira ukitoka nje upande wa chini, mtoto mmoja alipotea nusu saa kuutafuta kwenye matete.

Chini ya uwanja yalikuwa mashamba ya maharage na mihogo. Juu yake yalikuwa malisho. Sitataja makabila. Wakati ule tulisema tu "watu wa mashamba" na "watu wa ng'ombe," na maneno hayo mawili yalitosha kumuua mtu, kama nitakavyoeleza. Papa Kantonye aliuweka uwanja katikati kwa sababu katikati ndipo palipokuwa na mteremko mdogo. Hakuwa na sababu nyingine.

Hapo akafanya kosa ambalo bado linanichekesha. Alikata miti mibichi ya muvumu, akaisimamisha kuwa magoli, na mingine akaichomeka kwenye pembe nne. Mvua za kule hazina mchezo. Msimu haukuisha kabla nguzo zote hazijachipua majani. Sasa, katika milima yetu, ukiona mti mbichi umechomekwa kwenye pembe ya shamba na unaota, huo ni mpaka, na aliyeuchomeka anasema ardhi hii ni yangu. Watu wa mashamba wakapanda na mapanga, wakidhani amewapimia wenye ng'ombe. Watu wa ng'ombe wakashuka na fimbo, wakidhani amewapimia wakulima. Walikutana uwanjani, na mimi niliyekuwa nimefika kuangalia nilianza kurudi nyuma polepole.

Papa Kantonye hakurudi nyuma. Alimnyang'anya mtu mmoja panga lake mkononi, akaanza kukwangua majani kwenye goli huku akipiga kelele: "Goli! Hii ni goli! Muntu analimaka maharage ndani ya goli? Ng'ombe inakulaka ndani ya goli?" Kisha akawataka wazee wa pande zote mbili wang'oe nguzo hizo kwa mikono yao wenyewe. Waling'oa, wakijikwaa na kupakana matope, na mmoja akaanza kucheka. Papa Kantonye akaweka nguzo kavu. Tangu siku hiyo, kila mvua zikianza, mzee mmoja kutoka chini na mmoja kutoka juu walikuja kukagua kama goli limeota.

Yeye mwenyewe hakujua kucheza. Sikumwona akipiga mpira hata mara moja, na ukija kwake aliusimamisha kwa sepeto. Mafundisho yake yalikuwa machache, tena ya kazi yake. "Pitisha pembeni, maji inapitaka pembeni." "Usirundike watu mahali pamoja, udongo utabomoka." Aliogopa ng'ombe waziwazi, mtu mzima yule, na watoto wa wafugaji walimchokoza kwa kupitisha ndama karibu yake. Alisali, lakini Jumapili alitoka kanisani kabla ya baraka kwenda kuangalia kama uwanja umekauka. Alipenda shukrani zisemwe kwa wengine. Ukimshukuru yeye alikugombeza. Nilipowashonea watoto fulana kutoka magunia ya unga, hakusema asante. Alikuja kesho yake, akachimba mtaro kuzunguka duka letu, akaondoka bila kuaga. Baba alisema mtu huyu ana kichwa kibovu. Mtaro ule ulituokoa mvua zote zilizofuata.

Lakini jambo lililomfanya awe yeye lilikuwa zamu ya mpira.

Baba yangu, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo na hakutoa kitu bure, aliwahi kulegea akawaletea watoto mpira wa ngozi. Mwanzoni ulilala kwa Papa Kantonye. Maneno yakaanza: mpira ni wake, anawapa anaowapenda. Ukapelekwa kwa katekista, maneno yakawa yale yale. Ndipo Papa Kantonye akatoa amri, na amri zake hazikuwa na mjadala. Mpira ungelala wiki moja katika nyumba ya kila mchezaji kwa zamu. Jumapili baada ya misa, nyumba yenye zamu iliufuata. Na aliyeufuata hakuwa mtoto. Ilikuwa lazima awe mzazi, aende kwa miguu yake mpaka kwa mwenzake, na mwenye nyumba hakuruhusiwa kumtoa na mpira kabla hajala au kunywa chochote.

"Na weye utakuwa unaenda?" baba alimuuliza.

"Mimi niko na mutoto? Mwenye mutoto njo anaenda."

Wanaume waliokuwa wamepitana barabarani miaka yote bila kuingiliana nyumba walijikuta wamekaa kwenye viti vya wenzao. Mfugaji alishuka kula bugali na maharage. Mkulima alipanda kunywa mashanza, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Papa Bauma, mkulima mwembamba aliyekuwa na shamba chini ya uwanja na ambaye mtoto wake mdogo alikuwa winga wa kushoto, aliyachukia maziwa hayo. Kila aliporudi na mpira kutoka juu alisimama dukani kwetu kulalamika. "Dada, leo tena bamenipa ile kitu. Tumbo yangu inalia." Nilimuuliza kwa nini asikatae. Alinitazama kama nimetukana. "Nikatae? Na mupira ilale huko?"

Sitaki kupamba. Watu hawakuanza kupendana. Walijuana tu, walijua nani ana mke mgonjwa na mlango wa nani haufungi vizuri. Na mtu mwenye nia mbaya naye hufaidika kujua mlango usiofunga. Hilo lilinitia hofu baadaye.

Kisha zikaja vurugu. Wanaojua miaka ile ya baada ya uhuru hawahitaji niwaeleze, na wasiojua wana bahati. Yalianza maneno juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani apige kura na nani aamue. Ng'ombe wakakatwa miguu, mashamba yakalishwa makusudi, nyumba ikaungua huku, nyingine kule. Kila upande ulikuwa na maiti wake na ulisimulia wa kwake tu. Sisi wenye duka tuliambiwa tusiwauzie chumvi watu wa ng'ombe. Baba aliwauzia kwa mlango wa nyuma, na mimi nilishona barazani nikimwangalizia njia.

Mazoezi hayakusimama. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo Papa Kantonye. Zamani alikuwa akiwaita watoto kwa kugonga jembe kwenye chuma cha toroli. Sasa kugonga chuma kulimaanisha hatari, kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba kuwachukua, na baada ya mazoezi aliwarudisha mmoja mmoja. Wa mashamba na wa ng'ombe, wote nyuma ya toroli. Kipa wao, Gasigwa, aliishi juu kuliko wote, na alifikishwa wa mwisho.

"Papa Kantonye, bataua batoto ya benyewe juu yako," mama mmoja alimwambia mbele ya duka.

"Na mukibaficha ndani ya nyumba, nyumba haichomwake?"

Ninachojua ni kwamba alitaka jambo moja tu, na alilisema kila siku mpaka tukachoka: hataki mtoto hata mmoja wa timu yake afe katika fujo za wakubwa.

Jumapili moja hakukuwa na misa, padri alishindwa kufika. Katekista alisalisha haraka-haraka. Tulipotoka tuliwakuta vijana wamekaa darajani, njia ya kwenda juu, na mikuki na mapanga. Watoto wawili wakubwa wa Papa Bauma walikuwa kati yao. Habari ilikuwa imeenea tangu asubuhi: leo wanapanda kwa baba yake Gasigwa. Hakuna aliyeitamka kwa sauti, na hakuna ambaye hakuijua.

Papa Kantonye alisimama mbele ya duka letu. Wazazi walikuwa wamejipanga ukutani, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani wala kubaki.

"Mupira iko wapi?" akauliza.

Watu wakaangalia upande wa daraja.

"Miye nauliza. Mupira iko wapi?"

"Iko kwa Papa Gasigwa," mtu akasema chini-chini.

"Na leo zamu iko ya nani?"

Sote tukamtazama Papa Bauma. Alikuwa amekaa kwenye gunia la chumvi, kofia magotini. Mkewe akamshika bega. Nilitaka kumpiga Papa Kantonye kichwani kwa mkasi wangu. Alijua anachomwomba mtu huyu: apite mbele ya watoto wake wenyewe wenye mikuki, aende akakae katika nyumba waliyopanga kuichoma.

"Papa Bauma," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukisema hapana, hakuna muntu atakulaumu."

Papa Bauma aliutoa mkono wa mkewe begani, akavaa kofia yake.

"Zamu iko yangu," akasema, akaondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mtoto wake mkubwa mwenyewe, miaka baadaye, alipokuja kununua kitambaa na akashindwa kuondoka. Darajani walimuuliza, "Papa, unaenda wapi?" Akajibu, "Kukamata mupira." Walimpisha, maana utamzuiaje baba yako? Wakangoja ashuke. Hakushuka. Jua lilipoanza kuinama walipanda, wakamkuta amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, mpira mapajani, kibuyu cha mashanza mkononi.

"Papa, toka hapo."

"Sijamaliza kunywa."

"Maliza, tuko na kazi."

"Mimi ni mugeni. Mugeni anakunywaka polepole. Mutangoja."

Na aliyachukia maziwa yale! Alikunywa kama mtu anayeonja dawa, tone kwa tone. Kibuyu kilipokwisha akamwomba mwenye nyumba amwongezee. Ndani, mama yake Gasigwa alikuwa akifunga mizigo bila kelele. Ng'ombe walikuwa wameanza kutolewa upande wa nyuma. Vijana walisimama pale na mienge isiyowashwa, wakimtazama mzee akinywa. Kiongozi wa vijana hao aliapa kumvuta kwa nguvu, na huyo mtoto wa Papa Bauma, aliyenisimulia, alisema alijikuta ameugeuza mkuki wake kumwelekea mwenzake. "Sikufikiri, dada. Nilimuona tu papa yangu na ile maziwa kwa ndevu."

Wakati huo Papa Kantonye alikuwa amekwisha kuzunguka kwa njia ya malisho, yeye aliyeogopa ng'ombe, akapita katikati yao. Aliitoa familia ya Gasigwa kwa nyuma. Bibi yake Gasigwa, asiyeweza kutembea, alimweka kwenye toroli la serikali. Alimsukuma bibi, akawasindikiza wote mpaka mjini Masisi, na lori la baba yangu likawapokea huko kuelekea Mushaki, walikokuwa na ndugu. Baba alilaani usiku kucha, lakini alilituma.

Nyumba ilichomwa. Ilikuwa tupu.

Papa Bauma alirudi na mpira. Ulilala kwake wiki ile, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyekwenda kuufuata, wala ile iliyofuata. Papa Kantonye hakurudi. Alitumiwa maneno kwamba akikanyaga Nyabiondo atakatwa, na tukasikia ameshuka upande wa Walikale. Kabla maharage hayajavunwa, Papa Bauma alikutwa shambani kwake amepigwa. Aliishi siku chache. Hatukuambiwa ni nani, na sote tulijua. Watoto wake walimzika wenyewe, hawakutaka mtu mwingine ashike sepeto.

Nilimwona Papa Kantonye mara moja tu baada ya hapo, mwishoni mwa miaka ile ya sitini. Nilikuwa nimeolewa, nilikuwa nimepanda lori la mume wangu kupeleka chumvi na vitambaa Walikale. Kule ni joto, msitu umebana njia, tope ni jekundu. Karibu na Kibua lori lilikwama. Tukasikia mtu anagomba huko mbele: nani amefundisha huyu shoferi kupita katikati ya maji? Niliijua sauti kabla sijamwona. Alikuwa amezeeka ghafla, meno yamepungua. Jembe alikuwa nalo.

"Mama ya masini," akasema. Ndivyo alivyoniita zamani, kwa sababu ya cherehani yangu. Akapangusa mkono kwenye suruali kabla ya kunipa.

Wanaume wakisukuma lori, tulikaa kwenye gogo kando ya njia. Nilimuuliza kama amewapata watoto wengine wa kuwachezesha mpira. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa nini, akasema huko hakuna mahali tambarare, akiwa ameketi mbele ya kiwanja tambarare kabisa. Sikubishana naye. Aliniuliza habari za watoto mmoja mmoja, nami nikampa. Gasigwa yuko Mushaki, amekuwa mrefu, ana ng'ombe wake mwenyewe. Yule wa katekista anafundisha. Winga wa kushoto ameoa. Wote wapo, nilimwambia, hakuna hata mmoja wa timu yako aliyekufa. Alicheka kwa sauti, akapiga goti lake, na machozi yakamtoka bila aibu, nami nikafurahi kwamba njia mbovu imenileta hapo.

"Na Papa Bauma?" akauliza. "Angali analalamika juu ya tumbo?"

Nilikuwa nimedhani anajua. Habari mbaya husafiri, na miaka ilikuwa imepita. Nilitazama lori, nikaomba liwake, halikuwaka. Basi nikamwambia, yote, mpaka sepeto ambalo watoto wake hawakutaka kumwachia mtu.

Aliliweka jembe magotini. Wanaume walihesabu na kusukuma, walihesabu na kusukuma.

"Siku ile," alisema hatimaye, "miye nilikuwa najua atakataa. Nilikuwa nimeshapanga. Akatae mbele ya bantu, bote basikie zamu imeanguka, halafu niende miye kwa nafasi yake. Mimi sina muke, sina mutoto. Bangenikuta miye kwa kile kiti." Alikuwa akiufikicha udongo mkavu kwenye mpini wa jembe kwa kidole gumba. "Nilikuwa nangoja neno moja tu. Nilimufungulia hata mulango. Nilimuambia hakuna muntu atakulaumu. Weye ulisikia."

"Nilisikia, Papa."

"Sasa juu ya nini hakukataa?"

Pale dukani siku ile sote tulikuwa tumekwisha kumsamehe Papa Bauma kwa kukataa, hata kabla hajafungua mdomo, na ni Papa Bauma peke yake aliyeamini kwamba zamu ni zamu kweli. Lori likawaka. Papa Kantonye aliinuka, akaenda kuziba mashimo tuliyoyaacha, na hakutupungia mkono.